Kopo la Mchana

Mimi Mwamvita binti Nassibu sisifu watu ovyo. Waulizeni hapa Gongoni. Bibi harusi akipambwa mpaka mji ukazizima, mimi natazama visigino vyake kama vimesuguliwa. Kwa hiyo nikisema yupo mwanamke mmoja hapa Tabora ninayemvulia kofia, na kofia yenyewe sina, mjue nimemtafutia kasoro kwa bidii nikaikosa.

Mwanamke huyo ni Nesi Eustadia wa zahanati ya misheni, mzaliwa wa Lusu, huko Nzega. Mfupi, ana mwanya, sauti yake ya chini, na kalamu ya risasi ameichomeka kwenye nywele kutwa nzima. Ukimwona njiani humgeukii mara mbili. Nitawaeleza alichokifanya, lakini kwanza nijitukane mwenyewe, msije mkapata taabu ya kunitukana nyinyi.

Mwaka ule, mwaka mmoja baada ya Waingereza kumtawaza malkia wao, niliazimia mwanangu Omari amwache mkewe. Omari ni mtoto wangu wa pekee, alikuwa akichukua ngozi na asali kwa lori kati ya hapa na Nzega. Mkewe ni Batuli, binti wa Mzee Masolwa wa Itetemia. Alikuwa na miaka miwili nyumbani kwetu, na kwa kazi sikuwa na la kusema: wali wake unachambuka, ufagio wake haubakishi jani, na akikuambia "shikamoo mama" unasikia imetoka moyoni. Ila alikuwa na ugonjwa wa aibu.

Mkojo ulikuwa unamchoma. Unatoka matone matone, wenye ukungu na harufu. Kisha kinena kinauma, kiuno kinauma, kisha inakuja homa ya kutikisa kitanda. Anapewa dawa, anapona, miezi michache haijapita umerudi. Mara tano kwa miaka miwili! Mara ya tatu homa iliondoka na mimba ya miezi minne. Siku ile nililia, sikatai. Lakini machozi yalipokauka nikaanza kusikiliza ya mtaani. "Mwamvita, mkojo wa kuchoma mke wa mtu anautoa wapi? Hicho ni kisonono." Kisonono! Na mwanangu muda wote yuko Nzega! Akili yangu ikaenda mbio kuliko lori lake. Nikamwita mtu wa kuandika barua, nikamwambia Omari: njoo Alhamisi, njoo na karatasi ya talaka na mashahidi, mwenzio ametuletea uchafu nyumbani.

Mume wangu, Mzee Mfaume, ni fundi viatu. Babu yake alikuja na misafara ya pwani akishona mikanda ya wapagazi, reli haijaotwa hata ndotoni. Huyu mzee husema maneno kumi kwa siku, na tisa kati ya hayo huyaambia viatu. Aliposikia habari ya barua akaweka nyundo chini.

"Mwamvita, mtoto wa watu harudishwi kwao kwa dhana. Mpeleke akapimwe."

"Na akikutwa nacho?"

"Hapo utakuwa umesema kweli. Sasa hivi umesema tu."

Iliniuma, lakini nikakubali, maana nilijua nitashinda. Hiyo ilikuwa Jumapili. Kufikia Alhamisi nilikuwa na siku nne za kushinda.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza. Nilijua zahanati watataka mkojo. Mke wa nyumba yetu akajisaidie katika choo cha misheni, wagonjwa wamepanga foleni nje wanamhesabia? Thubutu! Nikachukua chupa moja ya asali ya Omari, nikaisuuza, Batuli akaijaza alfajiri, nikaizungushia kanga kuukuu, tukaenda.

Nesi Eustadia akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamvuta kando. "Binti yangu, wewe tazama kisonono tu. Mengine yaache."

"Mama, mimi hupima nione kilichopo," akasema. "Sipimi nione nilichoagizwa."

Loo! Mtoto wa Lusu huyo! Nikanuna mpaka midomo ikaniuma.

Akamimina maji ya buluu katika kichupa chembamba cha kioo, akatia matone ya ule mkojo, akakichemsha juu ya moto wa spiriti. Yale maji yakageuka rangi, yakawa mekundu kama tofali. Akasema polepole, "Sukari." Batuli akashika ukuta. Kisukari tulikuwa tunakijua. Jirani yetu kilianza na kidole cha mguu, kikamaliza na yeye mzima. Na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba talaka haina haja tena. Kisha nikamwona mtoto yule alivyoushikilia ule ukuta, nikajichukia pale pale.

Lakini Nesi hakuandika kitu. Mwingine angeandika, tungerudi nyumbani na msiba. Yeye aliinua chupa yangu, akainusa.

"Hii ilikuwa na nini, mama?"

"Asali. Lakini niliisuuza!"

Akaimwaga chupa ile ile, akaisuuza mkojo wote utoke, akatia maji safi, akaitikisa, akachukua yale maji matupu akayachemsha na dawa ya buluu. Yakawa mekundu. Akanigeukia, uso mkavu.

"Mama, mwenye kisukari ni chupa yako."

Batuli akacheka. Tangu mimba itoke sikuwa nimemsikia akicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze na chupa yangu mkononi.

Nesi akampa kikombe cha kioo kilichochemshwa, akamwambia ajisafishe, mkojo wa kwanza auache uende, akinge ule wa katikati. Choo kile pale, nyuma ya foleni. Batuli hakwenda. Alinitazama mimi kwanza. Nilipoinamisha kichwa kukubali, kwa shingo upande, ndipo akaondoka. Ni jicho tu, la mara moja, lakini Nesi aliliona na akaliweka moyoni.

Safari hii buluu ikabaki buluu. Kisha akapaka tone kwenye kigae cha kioo, akalitia rangi, akainama kwenye darubini ya kutazamia wadudu. Akakaa humo muda mrefu. Nikasubiri neno langu.

"Kisonono sikioni."

"Tazama tena."

Akatazama tena, wala hakukasirika. Ingekuwa mimi ningekuwa nimemfukuza Mwamvita zamani. "Hakuna, mama. Kuna usaha, na kuna wadudu wengine, mfano wa vijiti. Hawa makao yao ni utumbo. Wamo tumboni mwangu, mwako, na mwa padri pia. Wakipotea njia wakapanda kwenye kibofu ndipo wanafanya fujo. Batuli hakuletewa hawa na mwanamume yeyote."

Batuli akainamia magoti yake akalia bila sauti. Mimi nikatafuta pa kutazama nikapakosa.

Mtu mwingine hapo angetoa vidonge akaita anayefuata. Yeye alichomoa kalamu nyweleni. "Dawa amepewa mara tano, na mara tano alipona," akasema. "Kwa hiyo dawa inafanya kazi. Ninachotaka kujua ni kwa nini wanarudi." Wallahi, hapo ndipo nilipoanza kumwogopa, ile hofu ya heshima. Katika mji mzima, pamoja na mimi mwenye mdomo mpana, hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Akatuuliza habari za kila mara Batuli alipougua: msimu gani, alikuwa wapi, alikula nini, mumewe yuko au hayupo. Ikaonekana ameugua mumewe akiwepo, ameugua asipokuwepo. Lakini mwaka uliotangulia, alipokwenda Itetemia kuwasaidia wazazi kulima, miezi miwili, hakuugua hata siku moja. Aliporudi kwangu, wiki tatu tu, chali.

Nikadakia: "Unaona! Nyumba imemkataa."

Nesi akaandika. "Kesho ni siku yangu ya kupumzika," akasema. "Nitakuja niione hiyo nyumba."

Akaja Jumanne, saa mbili asubuhi, amevaa gauni la nyumbani, amebeba mihogo ya kutuletea. Tukakaa jikoni, sisi wanawake watatu. Nikampa chai, akanywa. Nikampa uji, akanywa. Kila akinywa anammiminia Batuli naye, na Batuli anaonja, anaweka chini. Sikuona ajabu. Ndivyo tulivyo.

Saa nne Nesi akainuka. "Mama, nielekeze chooni."

Choo chetu kiko mwisho wa ua, na ukitoka jikoni lazima upite mbele ya banda la Mzee Mfaume. Zamani alishonea barazani, mbele. Malori yalipozidi kuitimulia vumbi ile barabara, akahamia uani na viatu vyake, na wateja wakamfuata. Hawakosekani wanaume wawili watatu hapo kutwa. Na mwanamke akishika kopo la maji ya kutawadhia, nani hajui aendako?

Nikamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mgeni asiyejua. "Nesi, kwetu mwanamke haonekani na kopo mchana. Tunakwenda kabla ya adhana ya alfajiri, na baada ya magharibi. Mama mkwe wangu alinifunza hivyo, nami nimemfunza Batuli. Ndiyo adabu ya nyumba hii tangu enzi za misafara." Na nililisema kwa fahari, msidhani.

Nesi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kopo, akalijaza, akatoka nalo peupe.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, binti."

Mtume! Nilijifunika kanga usoni. Saa sita akaenda tena, kopo mkononi, shikamooni. Saa nane tena. Nikasema huyu leo ataniua kwa aibu. Kumbe alikuwa kazini.

Saa tisa akakaa karibu yangu. "Mama, tangu asubuhi mimi nimekwenda mara tatu. Batuli amekwenda mara ngapi?"

"Hajaenda. Huyu ana adabu."

"Na amekunywa kiasi gani?"

Akajibu Batuli mwenyewe, macho chini. "Sinywi, Nesi. Nikinywa nitabanwa."

"Na vile vidonge vya salfa ulivyopewa kila ulipougua, ulikuwa unavimezaje?"

"Kwa funda moja la maji."

Nesi akafumba macho kidogo. "Vidonge vile vinataka maji mengi. Bila maji vinaweza kuganda kwenye figo kama magadi." Akanigeukia. "Mama, mtungi ukiujaza ukaufunika kutwa nzima, humwagi wala huongezi maji mapya, jioni utakuta nini? Utelezi. Wale wadudu wakiingia kibofuni, mtu anayekunywa na kwenda haja huwafukuza mapema. Batuli anawafuga humo."

"Na Itetemia?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kuona jibu linakuja.

"Kwetu nakwenda nikitaka, mama," Batuli akasema, na sasa alikuwa analia wazi. "Nilihisi ni hilo. Siku nyingi nimehisi. Ningekuambiaje?"

Nikawaka. Hasira ilinipanda kwa sababu nilikuwa nimeshindwa, na mimi nikishindwa hupiga kelele. Nikasema nyumba yangu haikuanza kuwa na wakwe jana, nikasema mimi nimeishi kwa adabu hiyo miaka thelathini, na mbona sikufa!

Nesi akaniacha nikaishiwa pumzi. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Na hicho kiuno ulichokishika tangu asubuhi, mama, kinakuuma tangu lini?"

Nikautazama mkono wangu. Kweli ulikuwa kiunoni. Huwa uko hapo, sijui tena kama uko.

Jamani, nilikumbuka. Nilikumbuka homa za siku nilipokuwa bibi harusi, nilivyokuwa nikiuma mto mama mkwe asisikie. Nilikumbuka mimba tatu, moja kabla ya Omari, mbili baada yake, zote ziliondoka na homa. Tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu, nikanyamaza. Nikamweleza Nesi yote, mimi ambaye sikuwahi kumweleza mtu. Nikamwuliza: "Ni hilo? Wanangu ni hilo?"

Mwongo angesema ndiyo. Mwenye huruma ya kijinga angesema hapana. Yeye alisema, "Ya zamani siwezi kuyajua, mama. Ya leo tunaweza kuyapima."

Kisha akainuka akaenda bandani kwa mume wangu, akapiga goti kwa heshima. "Baba, samahani. Ukimwona mkweo anapita na kopo mchana, utafanyaje?"

Mzee Mfaume akafikiri. "Nitatazama kiatu."

"Na wateja wako?"

"Nao wana viatu." Akashika nyundo, akaiweka tena. "Nani alimkataza asipite?"

Wote, mpaka mteja mmoja asiyehusika, walinitazama mimi.

Nesi akatuachia dawa ya siku kumi. Akachukua kibuyu cha Batuli cha maji ya kunywa akakitia alama ya mkaa: mpaka hapa kiwe kimeisha adhuhuri, kijazwe tena, kiishe magharibi. Aende haja kila anapobanwa, asingoje, na baada ya kulala na mumewe aende pia. Akijitawadha aanze mbele aende nyuma. Na kila mwezi alete mkojo upimwe, hata akijiona mzima. "Na usije na chupa ya nyumbani," akasema, akinitabasamia kwa huo mwanya wake.

Jumatano Batuli akanywa maji yote. Saa nne akashika kopo. Akafika mlangoni, akawaona wanaume, akarudi. Saa tano akafika mlangoni, akarudi. Nikamwambia, "Nenda, nimekuruhusu." Akasema, "Ndiyo, mama," asiende. Akakaa pale anajikunja kwa kubanwa, mpaka watu walipokwenda kuswali ndipo akapita mbio. Ikanikata maini. Miaka miwili nilimtia woga kila siku, sasa nataka utoke kwa neno moja.

Alhamisi, saa saba mchana, lori la Omari likalia nje. Akaingia uani na mashahidi wawili, akamsalimu baba yake, akatoa karatasi mfukoni. Mwanangu hakuwa na raha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, nimekuja kama ulivyoniandikia."

Bandani walikuwamo wateja wanne. Batuli alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, namsikia anavyopumua. Wote wakaningoja. Sasa mimi neno "nimekosea" sijawahi kulitamka, na siku ile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikaingia jikoni. Nikajaza makopo mawili.

"Batuli, shika hili."

"Mama, kuna watu!"

"Nawaona, mimi si kipofu."

Nikamshika mkono, tukatoka. Jua la utosi, ua umejaa wanaume, na mimi Mwamvita binti Nassibu na kopo langu mbele ya macho yao, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mzee Mfaume akatazama kiatu. Wateja wakatazama viatu. Mashahidi, ambao hawakuwa na kiatu cha kutazama, wakatazama mbingu.

"Mama, mambo gani haya?" Omari akauliza.

"Tunakwenda chooni. Na hiyo karatasi mpe baba yako apangusie rangi ya viatu. Mkeo hana kisonono wala hakukukosea. Aliyemtia maradhi ni mama yako."

Nikasikia nyundo ya mume wangu inaanza tena kugonga, taratibu. Mkono wa Batuli ulikuwa umelowa jasho ndani ya mkono wangu, lakini hakuuchomoa.

Msidhani alipona kwa kopo moja. Wadudu wale ni wabishi. Mwezi wa nne tangu siku ile walirudi, kidogo, bila homa. Nesi aliwakuta katika mkojo wa kila mwezi kabla Batuli mwenyewe hajahisi kitu. Hakukata tamaa wala hakumlaumu mtu. Akampa kidonge kimoja kila siku kwa miezi mitatu, akaongeza alama kwenye kibuyu, akatuambia tuendelee. Tukaendelea. Uani kwetu ikawa kopo linapita na "shikamoo baba" inaitikiwa, mambo ya kawaida kabisa.

Mwezi wa tisa Batuli alikuwa na mimba ya miezi mitano, imepita pale ile ya kwanza ilipoishia. Tulipofika zahanati, Nesi akapima, kisha akaniita niiname kwenye darubini. Nikafumba jicho moja, nikatafuta, nikatafuta.

"Nesi, mbona sioni kitu?"

"Na mimi sioni kitu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka hadi machozi. Batuli akamkumbatia. Mimi nikajifanya kanga imenilegea, nikageuka ukutani kuifunga.

Nilipogeuka tena, Nesi alikuwa amenishikia kikombe cha kioo, kisafi, kimechemshwa.

"Sasa wewe, mama," akasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Nje foleni ilikuwa ndefu, wanaume kwa wanawake, na wengine wa Gongoni wananifahamu. Nikakipokea kile kikombe, sikukifunika kwa kanga. Nikamwomba Batuli anipeleke chooni, naye akaniongoza.